Mafuta ya Nduku na Pua ya Tulia

Jumatatu, 3 Novemba 2025

Nduku amekuja leo kutoka Kitui town na chupa ndogo, ndogo kama kidole cha mtoto. Huyu ni binti wa dada yangu Kalekye, yule aliacha kazi ya chemist akasema anataka kutengeneza marashi. Marashi! Dada yangu alilia wiki nzima. Mimi nikamwambia, wacha mtoto. Hata mimi niliacha shule darasa la sita na ona — hakuna mtu hapa Tulia hajui jina la Nzau.

Si ile ya kupuliza. Hii ni mafuta. Unapaka tone moja nyuma ya sikio, lingine kwa mkono pale daktari hushika akitafuta kama umekufa. Rangi yake ni nyeusi, lakini ukiinua kwa jua unaona wekundu ndani, kama maji ya maharagwe yaliyolala kwa sufuria. Na ni nzito. Inateremka kwa kioo polepole kama mama mnene akishuka ngazi ya kanisa.

Akaniambia: Anko, wewe ndiye pua ya Tulia. Vaa siku kumi, kila jioni unitumie kwa simu vile inanuka. Mimi najua kuchanganya lakini sijui kusema. Maneno yako ndiyo nitaandika kwa lebo. Akanipa na hii daftari ya kuandikia.

Nikamwambia amefika kwa mwenyewe. Nikamkumbusha ile siku nilinusa chui akiwa ng'ambo ya mto, nikapigia watu kelele waingize mbuzi, na kweli chui akapita akiwa na aibu. Nikamkumbusha ule mtungi wa asali nilinusa kifuniko tu, nikaambia mwenyewe nyuki wake wamekula mti gani na upande gani wa mlima. Alicheka mpaka akashika ukuta. Tangu akiwa mdogo anapenda hizo hadithi.

Nimepaka mbele yake. Nikafunga macho. Nikavuta pumzi ndefu — ndefu! — nikasema, Aaaai!

Akapiga makofi.


Jumanne, 4 Novemba

Nimeamua hii daftari ni yangu. Za Nduku zitaenda kwa simu. Kwa hivyo hapa naweza kusema.

Sisikii kitu.

Hata kidogo. Tangu ile homa ya 2021. Mwili wote ulipona, pua ikabaki huko ilikoenda. Kitunguu, sabuni, mavi ya kuku, mvua ya kwanza, yote ni sawa na maji. Sijaambia mtu. Niambie nani? Watu huniletea asali hapa kutoka pande zote, niseme kama ni safi ama imechomwa na moshi ama imepikwa na sukari. Hiyo ndiyo heshima yangu. Wengine wako na shamba kubwa, wengine wako na watoto Ulaya, mimi niko na pua.

Sasa huwa naangalia rangi. Naangalia vile inavutika kama uzi. Naweka kwa ulimi — ulimi bado unajua tamu, chungu, chachu na chumvi, hizo tu. Halafu naangalia uso wa mwenye asali. Mtu aliyeweka sukari huongea haraka. Miaka minne na sijakosea. (Mara moja. Asali ya Syokau wa kwaya. Niliipitisha na ilikuwa imechacha, akafika nayo sokoni wakamcheka. Nilisema ni jua la njiani. Naye akakubali ni jua.)

Sasa Nduku anataka maneno. Nimefikiria tangu alfajiri nikapata akili. Watu wako na pua. Mimi niko na mdomo. Tukiungana ni mtu mmoja mzima.

Nikapaka nikaenda kwa hoteli ya Mulwa, nikaketi karibu na yeye akihesabu chapati. Ghafla akaacha kuhesabu. Akainama kama anataka kunibusu. Akasema, Nzau, nani amekufa akakuachia nguo? Nikamwambia sema unasikia nini. Akasema ni kama sukari nguru mtu amesahau kwa moto.

Nimetumia Nduku: SUKARI NGURU. IMEUNGUA PEMBENI KIDOGO. YA MPISHI ALIYEKUWA AKIFIKIRIA MAMBO MENGINE.

Amerudisha mioyo sita. Sita!


Jumatano, 5 Novemba

Balaa.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri na yule mbuzi wangu mwekundu akazaa kwa matope, pale nyuma ya ghala. Mtoto mmoja, wa kiume, mweupe na doa kwa paji. Mimi kwa huruma nikamwinua, nikampangusa na mikono yangu, nikamfunika na shati langu, nikamleta kwa jiko apate joto. Nilifanya vile daktari wa mifugo mwenyewe angefanya, na pengine yeye angeogopa mvua.

Nikamrudisha kwa mama yake. Mama akamnusa. Akarudi nyuma. Nikamsukuma mtoto tena. Akamnusa tena, akampiga kichwa — puu! — mtoto akaanguka.

Nikasema mbuzi huyu amerogwa. Mke wangu Kathini akatoka na ndoo, akasimama, akaangalia mimi, akaangalia mtoto. Akasema, wewe, umejipaka tone ngapi?

Tone ngapi? Kama nane. Tisa. Nitajuaje zimetosha?

Akasema, mtoto ananuka kama duka. Mama yake atamjuaje? Kwani wewe hukusikia?

Nikamjibu nilisikia vizuri sana ila nilifikiri mbuzi wa siku hizi wamezoea mambo ya kisasa. Hakucheka. Akamkamua mama maziwa kidogo kwa kiganja, akampaka mtoto mgongo mzima mpaka kwa mkia, akatia chumvi, akawaacha pamoja. Akaniambia nisikaribie. Mimi! Kwa mbuzi wangu!

Saa kumi hivi mama akaanza kumlamba. Chumvi kwanza, halafu maziwa, halafu mtoto.

Nimekaa hapa kwa dirisha nikiwaangalia kama mtu amefungiwa nje ya harusi.


Alhamisi, 6 Novemba

Leo tone mbili tu. Kathini akipita na sufuria nikamuuliza, kama mtu anauliza saa, hii kitu inakukumbusha nini?

Akasimama. Akasema, zambarau zimeanguka barabarani, watu wakazikanyaga, halafu mvua ikanyesha. Akasema, kuna ile ya kwa kina mama, tulikuwa tunarudi shule na miguu ya rangi hiyo, tunachapwa. Akaenda zake na sufuria.

Miaka ishirini na sita nimeoa huyu mtu na hakuwahi kuniambia juu ya hiyo miguu.

Nimetuma kwa Nduku neno kwa neno. Nimeongeza tu "miguu ya mtoto wa shule". Nduku amesema amelia kidogo kwa ofisi ya kupiga picha karatasi, alikoenda kuulizia lebo. Nikamwambia hiyo ni kawaida yangu, hata pasta mmoja alishawahi kulia nikieleza harufu ya mahindi ya kuchoma.


Jumamosi, 8 Novemba

Nyuki wamenifuata tangu kwa mzinga mpaka kwa mlango. Si kuuma. Wananizunguka tu, wanashuka kwa mkono, wanatembea hapo pa daktari, wanarudi. Nimeambia Mulwa walikuwa elfu tatu na waliimba. Walikuwa kumi na moja. Lakini walikuja!

Nimemtumia Nduku: HATA NYUKI WANAULIZA NI TUNDA GANI.


Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Nilipaka vizuri kwa sababu ni siku ya Bwana. Labda tone sita.

Nikaketi benchi ya tatu. Benchi ya pili ikapiga chafya. Mama mmoja akahamia upande wa wanaume, jambo halijawahi kutokea tangu kanisa lijengwe. Pasta akafika pale kwa Mwana Mpotevu anatamani chakula cha nguruwe, akanusa hewani, akapoteza mstari. Mzee wa kanisa akafungua madirisha yote, na mvua ikanyesha ndani, ikanyeshea keyboard.

Baada ya ibada watu walinizunguka wakinusa kama mimi ni chakula cha mchango. Mmoja akasema dawa ya kikohozi, ile nyeusi tamu. Mwingine akasema ukwaju. Halafu Syokau wa kwaya — yule wa asali — akaja polepole, akashika mkono wangu, akanusa, akafunga macho. Akasema:

— Ni sanduku la mama yangu. Lile la mbao, la nguo za harusi. Mtu ameweka embe ndani akasahau.

Nikawaza, huyu mama nilimharibia asali na bado ananipa neno zuri hivi, bure. Nikataka kumwambia kitu. Nikamwambia kwaya leo iliimba vizuri.

Kathini njiani: Leo umenukia kanisa nzima, Bwana amesikia.


Jumatatu, 10 Novemba

Nduku amepiga simu. Ameuliza, Anko, lile sanduku ulinitumia jana, ulilisikia saa ngapi?

Nikasema baada ya ibada, saa saba.

Akasema, lakini ile ya sanduku, ile ya mbao, inafaa kutokea jioni. Asubuhi ni chachu, kama ukwaju. Mchana ndio tunda tamu. Jioni ndio mbao na moshi. Inabadilika, Anko. Na ile sukari ya kuungua ulinitumia siku ya kwanza ilikuwa saa nne asubuhi.

Mimi sikujua inabadilika! Kumbe kila mtu alikuwa anasema kweli kwa saa yake. Mulwa nafikiri alinusa ile ya jana yake, na Syokau shati la juma lililopita. Halafu mdomo wangu ukajisaidia wenyewe, kama kawaida:

— Nduku, pua za watu zinafika na tunda. Yangu inatangulia. Asubuhi tayari iko jioni inakungoja.

Akacheka! Akasema ataandika hiyo.

Akaniambia kesho twende Malili kwa mwenye duka anaitwa Shiru. Akikubali, atachukua chupa sitini za Desemba, watu wakisafiri. Ni oda yake ya kwanza ya kweli. Mama yake amempa mpaka mwaka mpya, ikikataa arudi chemist.

Nikamwambia lala salama, anko wako anakuja.


Jumanne, 11 Novemba

Malili! Malori yanapita pale bila kupumua. Duka la Shiru liko upande wa magari yanayoshuka Mombasa, mlango wa buluu. Mama mwembamba, jamaa zake walitoka Murang'a zamani wakakaa hapa, anaongea haraka lakini hana sukari ndani — hiyo nilijua mara moja kwa macho. Akatuletea chai. Akanusa chupa. Akasema ni nzuri, ndiyo, lakini. Nikajua hiyo "lakini". Akasema mwaka jana alichukua mafuta ya mtu mwingine, yakakaa kwa rafu mwezi mmoja yakageuka, yakaanza kunuka kama mafuta ya kukaanga samaki. Wateja wakarudisha, wengine wakamtupia kwa kaunta mbele ya watu. Akasema, siwezi kuchekwa mara mbili kwa barabara hii.

Nduku akaangalia viatu vyake.

Mimi nikasimama. Nikaweka tone moja kwa mkono wa Shiru, nikamwambia ngoja. Nikaanza kama mtu anasoma barua:

— Kwanza ni ukwaju. Unakuamsha, kama maji baridi kwa uso. Halafu ni zambarau zimekanyagwa barabarani, mvua imepita. Saa nane ni sukari nguru, imesahauliwa motoni na mtu anayefikiria mambo mengine. Jioni, mama, jioni ni sanduku la nguo za harusi za mama yako. Mbao. Na ndani mtu alisahau embe.

Lori likapita, chupa za kaunta zikatetemeka. Shiru akanusa mkono wake tena. Akasema kwa sauti ndogo, Haiya. Mama alikuwa nalo. Lilikuwa chini ya kitanda.

Halafu akasema atachukua sitini.

Hapo ningeketi. Hapo mtu mwenye akili angeketi anywe chai. Lakini nilikuwa nimepanda juu, na nikipanda juu sijui ngazi iko wapi. Nikasema:

— Na hakuna hata tone litafika hapa kabla halijapita kwa hii pua. Likiwa limeanza kugeuka, hata kabla halijajua lenyewe, mimi nitajua.

Shiru akanishika mkono na mikono yake miwili. Akasema, basi mzee, mimi nitakuja Tulia Jumamosi nichukue mwenyewe, nikuone ukifanya.

Kurudi Nduku alilala kwa bega langu njia yote. Mimi sikulala. Yale maneno yote hakuna langu hata moja. Ni ya Mulwa, ya Kathini, ya Syokau. Mimi ni gunia tu ambalo limebeba.

Lakini nilisema vizuri. Hiyo lazima niandike. Nilisema vizuri sana!


Alhamisi, 13 Novemba

Nduku kwa simu, sauti imekauka.

Alikuwa ametangulia kutengeneza mitungi mitatu ya kutosha oda. Akaiacha kwa chumba chake, chini ya mabati, hilo jua la juzi baada ya mvua. Leo anahisi mmoja umeanza kugeuka. Anahisi tu. Hajui ni gani. Rangi ni moja, uzito ni mmoja. Ameuliza rafiki zake wawili: mmoja amesema wa katikati, mwingine amesema yote ni tamu tu. Saa hii haitaonekana, amesema. Itaonekana baada ya mwezi, kwa rafu ya Shiru.

Nikamuuliza, na wewe mwenyewe?

Akasema amenusa siku nne mfululizo mpaka pua imekufa, hata kitunguu hasikii.

Nikamuuliza haraka, kabla sijafikiria: Huogopi?

Akasema, aah Anko, ni kuchoka tu, baada ya wiki itarudi.

Yake itarudi.

Amesema ataleta chupa tatu Jumamosi, moja ya kila mtungi, A, B na C. Miwili nikiipitisha, inatosha sitini. Ule mbaya anamwaga. Amesema, sina wasiwasi, niko na wewe.

Nimeenda kukata nyasi ya mbuzi. Nimekata nyingi kupita mbuzi wote wa Tulia.


Ijumaa, 14 Novemba

Kathini ameenda mji wa Wote leo asubuhi, dada yake amejifungua. Atarudi Jumatatu.

Hiyo nilikuwa nimeipanga tofauti! Nilikuwa nimepanga kesho nimwite kwa ghala kama mtu anaomba chumvi, nimwambie nusa hizi tatu, ipi inakukumbusha samaki. Maneno yake ningeyabeba nje mimi. Kumbe tangu juzi alikuwa anafunga mzigo na mimi nakata nyasi.

Nikamwambia usiende. Akasema dada yangu amezaa mapacha na wewe unaniambia usiende? Nikasema basi nenda kesho jioni. Akaweka mzigo chini. Akaketi kwa kile kiti chake cha kamba, pale kwa ghala, kati ya mitungi ya asali. Akaniuliza, ni Nduku?

Nikanyamaza. Mimi, kunyamaza!

Akasema — naandika vile alisema, sitaongeza —

— Baba Muthini, ugali ukiungua na mimi niko pale pale na mwiko, kwa nini huwa nasema kwa sauti, "ugali unaungua"? Nilikuwa naambia nani?

Nikaangalia mitungi.

— Maziwa yakichacha nasema. Shati likiwa la juzi nasema. Mvua ikianza huko kwa kina Mulwa nasema, nasikia udongo, na wewe unatoka mbio kuambia watu umenusa mvua. Miaka minne nimenusa kwa niaba yako. Sijachoka. Lakini kesho sipo.

Nikamuuliza, ulijua lini?

Akasema, ile siku paka alikufa chini ya kitanda na ulilala siku tatu ukisema una amani.

Tukacheka. Tulicheka mpaka kuku wakakimbia. Nikafikiri yameisha hapo, kwa kicheko, kama mambo yetu yote. Lakini akasimama, akachukua mzigo, akasema: Mwambie mtoto. Ukikosea asali ya Syokau, Syokau anachekwa siku moja. Ukikosea hii, Nduku anarudi nyumbani kwa mama yake akiwa amenyamaza, na hatajua kwa nini. Atafikiri mkono wake ndio mbaya.

Akapanda boda. Akageuka akapiga kelele kutoka mbali: Na uoge! Bado unanuka zambarau!

Nimeoga. Sijui kama imetoka.


Jumamosi, 15 Novemba

Wamefika saa nne. Shiru na Nduku, na keki kubwa ya kutoka Malili, na begi la Nduku lenye lebo. Lebo zimepigwa chapa! Amenionyesha. Karatasi nyeusi, maandishi ya dhahabu: ukwaju, zambarau zimekanyagwa, sukari nguru, sanduku, embe. Chini, kwa herufi ndogo: Imepitishwa na pua ya Tulia.

Nimeangalia huo mstari wa chini muda mrefu. Nduku alifikiri ni furaha.

Tumekunywa chai. Nimeambia Shiru ile ya chui. Nimeiongezea chui wa pili. Nimeambia ile ya asali na upande wa mlima. Kila hadithi ikiisha naanza nyingine, na Nduku ananiangalia, anacheka, anaangalia saa. Mwisho ameweka chupa tatu kwa sahani. A, B, C. Nikasema mimi hufanya hii kazi peke yangu, kwa ghala, bila upepo. Shiru akasema sawa mzee, kila fundi na desturi yake.

Sasa niko ghala. Naandika kwanza, maana mkono ukiandika mdomo unatulia.

Nimenusa A. Maji.
Nimenusa B. Maji.
Nimenusa C. Nimeingiza pua mpaka nikapata mafuta kwa ndevu. Maji.

Nimeweka kwa ulimi. Zote chungu, zote sawa.

Nikatoka kwa mlango wa nyuma na zote tatu nikaenda kwa yule mbuzi mwekundu, yule bingwa. Nikamnusisha A, akageuka. B, akageuka. C, akageuka, akaenda kusimama mbele ya mtoto wake kama naja kumwiba tena. Ninamwelewa.

Hoteli ya Mulwa imefungwa, leo ameenda Kitui mnadani. Nyuki wako kwa mzinga, baridi.

Kuna njia moja bado. Kuchagua tu. Moja kwa tatu ndiyo mbaya. Nikisema B, kwa sauti kubwa, na mkono juu, hakuna mtu atanibisha. Watapiga makofi. Nitakuwa sawa mpaka katikati ya Desemba, na pengine mpaka milele. Wengine wameenda na bahati ndogo kuliko hiyo. Nilikuwa nimeshika mlango tayari kusema B.

Halafu nikawasikia nje. Shiru anauliza, na akikosea? Si kwa ubaya, anauliza tu. Na Nduku anasema:

— Anko? Huyu alisikia chui ng'ambo ya mto. Mimi nikiwa mtoto nilikuwa nalala vizuri kwa sababu nilijua yuko hapo ananusa.

Alisema hivyo. Bila kucheka.

Nimerudi nikaketi. Hakukuwa na chui. Nilikuwa nimesikia mbwa.

Nimejaribu kupanga vile nitasema. Nimejaribu na mwanzo wa hadithi — "Nduku, kulikuwa na mtu mmoja" — nikafuta. Nimejaribu na homa, nikaanza kuongeza siku za homa, zikafika tisini, nikafuta. Bila kuongeza, ni maneno machache sana. Hata mtoto wa darasa la kwanza anayajua.

Nimefikiria na hii pia: Syokau anakaa dakika kumi kutoka hapa na pua yake ni nzima kuliko za kanisa lote. Anaweza kuitwa. Lakini huwezi kumwita Syokau amnusie Nduku kabla ya kumwambia Nduku kwa nini. Na kabla ya kumwambia Syokau kuhusu ile asali yake, kwamba halikuwa jua.

Mbili, basi. Mimi ambaye nimesema mengi hivi, nimebakiza mambo mawili tu ya kusema.

Nduku anaita: Anko, ni gani?

Nimemwambia: Kuja. Sikusema kwa ile sauti ya hadithi. Nafikiri amesikia, maana Shiru ameweka kikombe chini.

Nimevuta kiti cha kamba cha Kathini kikawa mbele ya changu. Viatu vya Nduku hivyo kwa kokoto, vinakuja polepole. Nimefunga vifuniko vyote vitatu.